Kifungu cha Mama Mwangi

Mliponiaga ofisini mlinipa keki, shuka la Kimaasai na saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu anayestaafu ndiye anayehitaji saa. Nimeitundika jikoni hapa Gitothua, juu ya friji, na kila nikiitazama najikuta nawafuata ninyi kwa mawazo: sasa wanachemsha chai, sasa wameanza kusoma mswada wa sheria kwa sauti, sasa mtu wa wizara amepiga simu kuuliza kwa nini kazi aliyoileta jana jioni haijaisha. Niseme wazi mapema, msije mkadhani naandika kwa sababu nimekosa la kufanya. Nina sukuma wiki za kumwagilia na wapangaji wa kugombana nao. Naandika kwa sababu naitamani ile kazi, tena naitamani sana, na sikujua ingekuwa hivi.

Vyeo sitavisimulia. Mnavijua, na asiyevijua hajapoteza kitu. Nitasimulia mswada mmoja, ule wa kuanzisha wakala wa serikali wa kuchunguza anga kwa amani, na mama mmoja wa Kiganjo kule Thika ambaye ana kifungu chake ndani ya mswada huo. Au alikuwa nacho. Tutafika huko.

Siku ya kwanza nilifika idarani nikiwa na digrii ya sheria, viatu vilivyonibana na kalamu ya wino niliyonunuliwa na baba. Mzee Wafula, mkuu wa chumba cha waandishi wa miswada, alikuwa amesimama mbele ya meza iliyojaa vipande vya karatasi, gundi na makasi. Siku hizo kompyuta ilikuwa moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, na hakuna aliyethubutu kuifunua. Kifungu kikihama ukurasa, tulikikata kwa makasi tukakibandika kwingine, kisha mpiga chapa akaanza upya huku akitulaani kimoyomoyo. Mzee hakuitazama kalamu yangu. Alinipa makasi.

“Kwanza ujifunze kutoa,” akasema. “Kuongeza, kila mtu anajua.”

Alikuwa mtu wa Bungoma, lakini alipanga nyumba Kiganjo tangu ujana wake, kwa madai kwamba Nairobi ni mahali pa kufanyia kazi, si pa kulala. Sauti yake ilikuwa nzito na hakuwa na haraka. Alitufundisha kusoma kila kifungu tukiwa tumesimama, kwa pumzi moja. Pumzi ikikata kabla ya nukta, kifungu kimekuwa kirefu mno, kikatwe. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa wa biashara ya ngozi na kwato, na nilipousoma kwa mara ya kwanza nilikohoa hadi nikaletewa maji. Mzee alingoja nimalize kunywa, akasema, “Sasa umeelewa mwenye duka la ngozi atakavyojisikia.”

Kanuni zake kubwa zilikuwa mbili, na zote nimewapa ninyi hadi mkachoka kunisikia. Ya kwanza, sheria haisemi jambo mara mbili. Jambo likiwa limeshasemwa katika sheria nyingine, usilirudie, kwa sababu siku moja majaji watajiuliza ni kwa nini limerudiwa, na wakili mjanja atapata pa kupitia. Ya pili, ukumbini mwandishi hana mdomo. Tukipeleka mswada kwa wananchi kuchukua maoni yao, wenye kamati wanasema, wananchi wanasema, sisi tunakaa nyuma na kuandika kwa kalamu. Hatujibu, hatutikisi kichwa, hata tabasamu hatutoi.

“Ukijibu, umeanza kuutetea,” alisema Mzee. “Na ukishautetea, huwasikii tena.”

Mswada wa anga ulipofika mezani kwetu, chumba kizima kilicheka. Tulikuwa tumetoka kuandika sheria ya maziwa. Maziwa yana ndoo, yana kipimo, yana mwenye ng'ombe. Anga inaanzia wapi? Mtaalamu mmoja wa wizara, kijana nadhifu mwenye tai hata siku za joto, alitaka tutaje idadi ya kilomita kwenda juu. Alikuja na michoro. Mzee Wafula aliisikiliza yote, akauliza kama mataifa yenyewe yamekubaliana juu ya hiyo idadi. Kijana akakiri kwamba bado wanabishana.

“Basi na sisi tusiwatangulie,” Mzee akasema. “Tukiweka nambari, kesho mtu ataleta chombo chake kiruke mita moja chini yake, kisha aje kutucheka mahakamani.”

Ndiyo maana hadi leo mswada huo unaeleza kazi za wakala bila kusema anga inaanzia wapi. Wengine wenu mmeniuliza kama tulisahau. Hatukusahau.

Kisha tukaenda Thika kuchukua maoni. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu ambayo yaligusa serikali, mvua, mitihani ya watoto na wasafiri wa barabara kuu, yakaja kuikumbuka anga mwishoni. Mswada wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati aliueleza kwa Kiswahili, akaongeza Kikuyu pale alipoona macho yamezubaa. Mkono wa kwanza ulioinuka ulikuwa wa mzee mmoja aliyevaa kofia ya ngozi.

“Mimi niko na swali moja tu,” akasema. “Hii ofisi ya anga, mtaijenga kwa shamba ya nani?”

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akajaribu kueleza kwamba mambo haya ni ya huko juu.

“Hata huko juu kuna mlango,” mzee akamjibu. “Na mlango lazima ukae kwa shamba ya mtu.”

Nilimtazama Mzee Wafula kwa pembe ya jicho. Hakucheka, aliandika. Kile kifungu cha fidia ya ardhi mnachokipenda ninyi, chenye mpangilio mzuri, kilizaliwa hapo, kutoka chini ya ile kofia. Kijana mmoja akauliza kama hiyo satelaiti itawaambia wakulima mvua inakuja lini, “ama ni ya watu wa Nairobi pekee yao.” Hilo nalo likaandikwa.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa na leso ya kichwani na sweta ya kijani, na mikono yake aliikunja mbele kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

“Mimi naitwa Mama Mwangi, nauza uji na ovakado hapo Kiganjo,” akasema. “Mwangi wangu alikuwa mwanajeshi. Waliniambia anaenda nchi ya wenyewe kuleta amani. Akarudishwa na bendera juu yake. Hiyo bendera niko nayo kwa sanduku. Sasa nyinyi mnasema mnataka kutuma kitu ya serikali huko juu. Mimi sikatai. Lakini muandike, kwa hiyo sheria yenyewe, ya kwamba hicho kitu hakitabeba silaha, na hakitasaidia mtu kuua mtoto wa mtu. Muandike mahali naweza onyeshwa.”

Akaketi. Nje tulisikia sufuria za chai zikigongana. Mwenyekiti akasema, “Asante mama, tumesikia,” kama alivyomwambia kila mtu siku hiyo. Mimi nilitaka kusimama. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba amesikika kweli, si ile ya mwenyekiti. Mzee Wafula aliweka mkono wake juu ya wangu bila kuinua macho, na kalamu yake ikaendelea kwenda.

Mkutano ulipokwisha tuliingia hoteli ndogo karibu na soko, tukaagiza chai na chapati. Mzee alitoa daftari lake akaandika kifungu palepale, mafuta ya chapati yakiwa bado vidoleni. Nikiwageuzia kwa Kiswahili, kilisema hivi: wakala utafanya kazi zake zote kwa amani, hautabeba silaha wala kusaidia kuibeba, wala hautatoa habari zake zitumike kushambulia watu wa nchi yoyote. Nilikisoma kwa pumzi moja, kikatosha. Kisha, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mwema na mwenye kiherehere, nikamkumbusha kanuni ya kwanza. Kuna mkataba wa mataifa unaosema anga itumike kwa amani, na nchi yetu imeutia sahihi. Tayari limesemwa.

Mzee alikunywa chai yake polepole.

“Mkumbushe yule mama hiyo kanuni,” akasema. “Mimi siwezi.”

Nami pia sikuweza. Nakala ilipopigwa chapa, Mzee mwenyewe aliipeleka Kiganjo jioni moja akitoka kazini. Alinisimulia kwamba Mama Mwangi alifuta mikono kwa aproni, akauliza, “Ni wapi?” Mzee akamwonyesha. Mama akaweka kidole juu ya maneno ambayo hakuweza kuyasoma, akakiacha hapo kwa muda, kisha akampa uji na akakataa malipo.

Tangu hapo kila nilipopita Thika nilishuka Kiganjo, nikanunua ovakado nisizozihitaji, naye akaniuliza swali lilelile kabla hata ya habari.

“Wambui, ile yangu bado iko?”

“Bado iko, Mama.”

“Haya.”

Basi, ndivyo tulivyosalimiana kwa miaka mingi. Mswada ulifika bungeni, bunge likamaliza muda wake, na kama mnavyojua, mswada ambao haujapita hufa pamoja na bunge lake. Tukauandika upya. Ukarudishwa wizarani kwa maoni zaidi. Waziri akabadilishwa, na waziri mpya alitaka kuanza na vitu vyake. Subira huvuta heri, lakini waliotunga methali hiyo hawakutwambia kamba ni ndefu kiasi gani. Kila ulipotoka mezani petu ulitoka na kile kifungu ndani yake, na kila uliporudi nilikitafuta kwanza, kabla sijasoma kitu kingine chochote.

Mzee Wafula alistaafu, akarudi Bungoma kwenye mahindi yake. Kila baada ya muda alinipigia simu, akauliza kuhusu mvua ya huku, kisha watoto.

“Na wa anga umefika wapi?”

“Bado, Mzee.”

“Haya. Usiwafokee watu wa wizara.”

Alifariki dunia mswada ukiwa bado. Niliposafiri kwenda kumzika, Mama Mwangi alinipa mfuko wa ovakado nimpelekee mjane, zimechaguliwa moja moja ili ziive siku ya tatu, matanga yakiwa yametulia na mtu anaweza kula. Namkosa yule mzee. Namkosa ofisini ambako mimi mwenyewe sipo tena, jambo ambalo sijui nilielezeje.

Nami zamu yangu ikafika, mkakata keki. Mswada wa anga niliuacha kwa Akinyi, kwa sababu ndiye mwenye mkono safi kuliko ninyi nyote, na msinikasirikie, mnajua ni kweli. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Simama, soma, pumzi ikikata kata. Usiseme mara mbili. Ukumbini huna mdomo. Kuhusu Mama Mwangi sikumwambia. Kifungu kilikuwemo, kimekuwemo miaka yote, na kitu kilichopo mtu hafikirii kukieleza.

Majuzi, katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa letu, kati ya tangazo la harambee na picha ya maua yenye mstari wa Biblia, kulitokea taarifa: maoni ya umma kuhusu mswada wa wakala wa anga, Thika, Alhamisi. Nilikuwa nimebandika maharagwe jikoni. Nikafungua mswada kwenye simu, nikavaa miwani, na kama kawaida yangu nikakimbilia kile kifungu. Nikapata kingine mahali pake. Nikarudi juu, nikashuka tena. Nilisoma mswada wote nimesimama, kwa sauti, peke yangu jikoni, na ulikuwa mzuri. Hakuna mahali pumzi ilinikata. Mwishoni palikuwa na maelezo mafupi ya mabadiliko, na moja lilisema kwamba kifungu cha amani kimeondolewa kwa kuwa jambo hilo limo tayari katika mkataba ambao kwa Katiba yetu ni sehemu ya sheria za Kenya.

Ni sahihi kabisa. Hata mimi ningemfundisha mtu aandike hivyo hivyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo nilikaa na ile simu mkononi hadi nikasikia harufu ya maharagwe yakiungua.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kiganjo. Boda boda aliniteremsha mbele ya kibanda. Mama Mwangi amezeeka sasa, uji unapikwa na mkaza mwanawe, lakini ovakado bado anazipanga mwenyewe, mbichi nyuma, mbivu mbele.

“Wambui, ile yangu bado iko?”

Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria jibu la pili.

“Haiko, maitu, mama yangu. Wameitoa.”

Aliendelea kupanga. Akabonyeza moja kwa kidole gumba, akairudisha nyuma.

“Ni nani ameitoa?”

“Msichana wetu wa ofisi.”

“Ni mbaya?”

“Hapana. Ni mzuri sana. Alifuata vile nilimfundisha.”

“Hmm.” Akajifuta mikono kwa aproni. “Na Wafula hayuko.”

“Hayuko.”

“Sasa?”

Nikamwambia kuhusu Alhamisi. Nikamwambia aje aseme tena, kama alivyosema siku ile, na mimi nitamshika mkono hadi mbele. Akatikisa kichwa.

“Mimi nilishasema. Nikisema tena itakuwa ni kama sikusema. Nitakuja kukaa. Kusema ni wewe.”

Nilitaka kumweleza kwamba sisi hatusemi. Maneno yalifika mdomoni, ndipo nikakumbuka kwamba sisi si mimi tena. Nina saa ya ukutani kuthibitisha.

Ukumbi ulikuwa uleule, viti vipya vya plastiki. Maombi yalikuwa mafupi zaidi, nadhani wachungaji wa siku hizi wana mikutano mingi. Akinyi alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwandishi, na kalamu mkononi. Wengine siku hizi wanaleta laptopu, lakini yeye anajua kwamba laptopu ni ukuta kati yako na wananchi. Aliniona nikiingia nimemshika Mama Mwangi mkono. Akainamisha macho, kama inavyotakiwa. Nilimwonea fahari, na wakati huohuo nilikitamani kile kiti.

Jina langu liliitwa baada ya bwana mmoja aliyelalamikia maji ya mfereji. Ndiyo, kwenye mkutano wa anga. Naye aliandikwa.

“Dakika mbili, mama,” mwenyekiti akaniambia. Nikashika maikrofoni, nikagundua kwamba katika maisha yangu yote ya kumbi nilikuwa sijawahi kuishika.

“Naitwa Wambui, mkaazi wa Gitothua,” nikasema. “Kifungu cha amani kimetolewa kwa sababu kinarudia mkataba. Ni kweli kinarudia. Aliyekitoa amefanya kazi safi. Lakini hicho kifungu hakikutoka kwa mkataba. Kiliombwa hapa, ndani ya ukumbi huu, na mama aliyeketi pale. Mtoto wake alitumwa kuleta amani na hakurudi mzima. Aliomba kitu kimoja, kwamba iandikwe mahali anaweza kuonyeshwa. Mkataba uko mbali, hawezi kuonyeshwa. Naomba mkirudishe, hata kama ni kusema mara mbili. Mtoto akitoka nyumbani mama humwambia enda salama, akifika mlangoni anamwambia tena. Si kwa sababu mtoto hakusikia.”

Nilikuwa na maneno mengine. Yalikwisha yenyewe.

“Asante mama,” mwenyekiti akasema. “Tumesikia.”

Nimeisikia sentensi hiyo ikiambiwa watu wengi mno, na najua uzito wake. Nikarudi kitini. Mama Mwangi hakunipongeza. Alikuwa amegeuka, anatazama nyuma ya ukumbi. Nikageuka na mimi. Akinyi alikuwa ameinamia karatasi yake. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu, hakuniangalia hata kidogo. Kalamu yake ilikuwa inakwenda.

“Anaandika?” Mama Mwangi akaniuliza.

“Anaandika.”

“Ameandika yote?”

“Sijui, maitu,” nikamwambia. “Kutoka hapa siwezi kuona.”

Akanishika mkono, mikono yake ikiwa na harufu ya ovakado. “Haya,” akasema. “Hata mimi, siku ile ya Wafula, sikuwa naona.” Na tukakaa hapo pamoja, tukingoja.